Mapenzi hayakupotea, yalipotezwa: hadithi za majarida enzi za Malkia Victoria

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo tuongelee mapenzi. Si ya mastaa wetu, ni ya Waingereza wa enzi za Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901. Kwenye majarida yao ya wiki na ya mwezi kulikuwa na aina moja ya hadithi ambayo haikosekani: mtu kapenda, kapoteza, miaka imepita na moyo bado uko kulekule. Ukizisoma harakaharaka utadhani ni vilio tu vya watu waliopigwa kibuti. Ukitulia utaona waandishi wale walikuwa wanauliza swali zito: haya mapenzi yalipotea yenyewe, au kuna mtu aliyapoteza? Na yule aliyebaki na kumbukumbu, azifanyie nini?

Jibu langu nalitoa mapema ili msije mkasema nazunguka. Katika hadithi bora za aina hii mapenzi hayapotei hivihivi. Yanapotezwa, na wanaoyapoteza ni pesa, tabaka na wazee wa ukoo. Halafu uchungu wote anaachiwa mtu mmoja aubebe, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke. Huhitaji digrii ya fasihi kuliona hili, mimi mwenyewe sina. Twende taratibu.

MAJARIDA YENYEWE YALIKUWAJE?

Siku hizo riwaya mpya Uingereza mara nyingi ilitoka katika vitabu vitatu, na bei ya vyote ilikuwa shilingi 31 na peni 6. Shilingi moja ilikuwa peni 12, kwa hiyo hapo unaongelea peni 378. Kwa mfanyakazi wa kawaida hiyo ni ndoto.

Charles Dickens alikuwa na jarida lake la kila wiki, All the Year Round, lililoanza 1859 na kuuzwa peni 2 tu. Riwaya yake Great Expectations ilitoka humo kuanzia tarehe 1 Desemba 1860 hadi 3 Agosti 1861, wiki 36 mfululizo. Piga hesabu: 36 mara 2 ni peni 72, yaani shilingi 6. Riwaya hiyohiyo ilipotoka kama vitabu vitatu bei ilikuwa zile shilingi 31 na ushee. Tena hizo shilingi 6 unalipa kidogokidogo, na kila toleo lina makala na hadithi nyingine ndani.

Wenye uwezo kidogo walikuwa na Cornhill Magazine, jarida la kila mwezi lililoanza Januari 1860 kwa shilingi moja. Toleo lake la kwanza liliuza nakala zaidi ya 100,000. Na nakala moja haikuwa ya mtu mmoja. Ananunua mmoja, jioni anasoma kwa sauti, nyumba nzima inasikiliza.

Sasa ona jinsi biashara hii ilivyoendana na hadithi za mapenzi yaliyopotea. Hadithi inakatwa mahali patamu, "itaendelea", halafu wewe msomaji unasubiri. Mhusika anasubiri barua, na wewe unasubiri toleo. Anthony Trollope aliandika The Small House at Allington kwenye Cornhill kuanzia Septemba 1862 hadi Aprili 1864, miezi 20. Katika miezi 20 msomaji mwenyewe anaweza kuchumbiwa, kuachwa, hata kuzika mtu. Ndiyo maana wasomaji wale waliwachukulia wahusika kama majirani zao.

Kitu kingine ni kwamba nchi yenyewe ilikuwa inabadilika kwa kasi. Sensa ya 1851 ilionyesha kwamba kwa mara ya kwanza zaidi ya nusu ya watu wa Uingereza na Wales walikuwa wanaishi mijini. Reli zimepita kila mahali. Mtu aliyezaliwa kijijini anajikuta London, na kila akikumbuka nyumbani anamkumbuka na yule aliyemwacha kule. Kuna neno la kidaktari, nostalgia, lililotungwa mwaka 1688 na Johannes Hofer huko Basel, Uswisi, kuelezea ugonjwa wa watu walio mbali na kwao wanaoumwa kwa hamu ya kurudi. Yaani zamani hamu ya nyumbani ilikuwa ugonjwa wa kutibiwa na daktari. Majarida haya yaliuchukua ugonjwa ule yakaugeuza hadithi, na mara nyingi nyumbani penyewe palikuwa na sura ya mtu.

BI HAVISHAM, ALIYESIMAMISHA SAA

Anayefahamika kuliko wote ni Bi Havisham wa Great Expectations. Siku ya harusi yake, akiwa anavaa, ikaja barua: bwana harusi haji. Akasimamisha saa zote za nyumba saa tatu kasoro dakika ishirini asubuhi. Miaka na miaka baadaye bado amevaa gauni lilelile lililogeuka rangi, kiatu mguu mmoja, keki ya harusi iko mezani inaliwa na buibui.

Watu wengi wanaishia kwenye picha hiyo: bibi mwenye kichaa cha mapenzi. Lakini soma sababu. Yule mchumba, Compeyson, alikuwa tapeli. Alishirikiana na kaka wa Bi Havisham wa mama mwingine, wakamvuna fedha nyingi, na harusi haikuwa kwenye mpango tangu mwanzo. Maana yake hakuachwa tu, aliibiwa. Na mwizi alitumia mapenzi kama ufunguo wa sanduku.

Kinachofuata ndicho kibaya zaidi. Bi Havisham anamlea mtoto wa kike, Estella, na kumfundisha kuvunja mioyo ya wanaume ili alipize kisasi. Kijana Pip, asiyehusika na lolote, ndiye anayeumia. Uchungu uliotunzwa muda mrefu bila kutibiwa unatafuta mtu wa kumwangukia, na mara nyingi anayeangukiwa hana kosa. Kabla hajafa, bibi yule anaona alichokifanya na anaomba msamaha. Too late, kama wasemavyo watoto wa mjini.

Mwisho wa riwaya hii nao una kisa chake. Dickens kwanza aliandika kwamba Pip na Estella wanakutana barabarani London baada ya miaka, Estella ameshaolewa na mwanaume mwingine, wanaagana, basi. Rafiki yake mwandishi, Edward Bulwer-Lytton, akamshauri abadilishe. Dickens akaandika mwisho mwingine unaowaacha wawili hao pamoja na kutupa matumaini. Ule wa kwanza ulikuja kujulikana 1874, Dickens akiwa ameshafariki, John Forster alipouweka kwenye kitabu cha maisha yake. Mpaka leo wasomaji wanabishana upi ni wa kweli. Mimi niko na ule wa kwanza, kwa sababu unakubali kwamba kuna vitu havirudi.

LILY DALE NA BARUA ZA WASOMAJI

Turudi kwa Trollope. Katika The Small House at Allington, binti Lily Dale anachumbiwa na Adolphus Crosbie, kijana wa London mwenye kazi nzuri na nguo nzuri. Crosbie anatarajia kwamba baba mkubwa wa Lily, mwenye ardhi, atampa binti fungu la fedha, maana kwao mwanamke ndiye aliyekuja na mali kwenye ndoa. Mzee anakataa. Basi bwana Crosbie anakwenda kutembelea jumba la watu wakubwa, na kabla uchumba haujapoa tayari kashamposa binti wa ukoo ule. Ndoa hiyo nayo haikumpa raha hata kidogo.

Kuna kijana mwingine, John Eames, anayempenda Lily tangu utotoni. Ni mpole, ana bidii, na siku moja anamkuta Crosbie kwenye stesheni ya Paddington anampa kichapo. Wasomaji wote wakawa upande wa Eames. Walimwandikia Trollope barua wakimsihi amwozeshe Lily kwa Eames. Akagoma. Akawarudisha wahusika haohao katika The Last Chronicle of Barset, iliyotoka kwa sehemu za kila wiki kati ya 1866 na 1867. Huko Crosbie ameshafiwa na mke na anataka kurudi. Lily anamkataa. Eames anaposa tena, anakataliwa pia.

Trollope mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1883 baada ya kifo chake, hakuonyesha kumhusudu sana Lily. Alimwona ana kaumaridadi ka kujiona mwema mno. Lakini aliona jambo la maana: wasomaji walimpenda Lily kwa sababu hiyohiyo ya kushindwa kusahau. Wakati huohuo barua zao zinaomba asahau aolewe! Tunampenda mtu kwa huzuni yake, halafu tunamsumbua aiache ili na sisi tulale vizuri.

Mimi simwoni Lily kama mtu aliyekwama. Bi Havisham alisimamisha saa, Lily hakuzisimamisha. Anaishi na mama yake, anacheka, anatania, anashauri wengine. Anachokataa ni kuozwa kama dawa ya kidonda. Kwa mwanamke wa miaka ile huo ulikuwa msimamo mgumu, na sababu ni hii inayofuata.

KWA NINI MWANAMKE NDIYE ALIYEBEBA MZIGO?

Sensa ya 1851 ilionyesha pia kwamba wanawake Uingereza walizidi wanaume kwa karibu nusu milioni. Wanaume wengi walikuwa wamehamia makoloni au wako jeshini. Mwaka 1862, mwaka uleule Lily Dale alipoanza kutoka kwenye Cornhill, mwandishi mmoja aitwaye W. R. Greg alichapisha makala akiuliza kwa nini kuna wanawake waliozidi, kana kwamba ni mzigo uliobaki bandarini. Moja ya dawa alizopendekeza ni kuwasafirisha kwenda makoloni wakapate waume.

Ongeza na sheria. Kabla ya mabadiliko ya 1870 na hasa 1882, mwanamke wa Uingereza akiolewa, mali na kipato chake kwa kawaida viliingia mikononi mwa mume. Asipoolewa, kazi za heshima alizoweza kufanya zilikuwa chache mno, zaidi kufundisha watoto wa matajiri au kushona. Kwa hiyo kibuti cha mwaka 1860 hakikuwa cha moyo peke yake. Kilikuwa pigo la chumba cha kulala, chakula na jina. Ukisoma hadithi hizi ukasahau hilo, utaona watu wanalia bila sababu.

DICKENS NA BARUA YA 1855

Wanaume nao walikuwa na yao. Dickens mwenyewe, akiwa kijana asiye na kitu, alimpenda Maria Beadnell, binti wa familia ya mtu wa benki. Walijuana 1830, wazazi hawakumwona kuwa mume wa maana, na kufika 1833 ikawa imeisha. Dickens akaoa mtu mwingine, akapata umaarufu, akapata watoto.

Februari 1855 ikaja barua. Ni Maria, sasa Bi Winter. Dickens akapagawa, akajibu kwa barua za moto kama kijana wa miaka 18. Maria alimtahadharisha kwamba yeye si yule wa zamani. Wakakutana, na Dickens akavunjika moyo vibaya: kamkuta mama wa makamo, mnene, muongeaji.

Mwishoni mwa mwaka huohuo akaanza kutoa Little Dorrit kwa sehemu za kila mwezi, na ndani yake yumo Flora Finching, mpenzi wa zamani wa Arthur Clennam, mnene na muongeaji, anayejifanya bado ni msichana. Wasomaji walicheka. Mimi nilicheka, halafu nikaona ubaya wake. Flora na Arthur walitenganishwa na wazee wao, si kosa la Flora. Na kosa lake kubwa ni nini? Ni kuzeeka! Kana kwamba Dickens wa miaka 43 hakuzeeka. Hii ndiyo hatari ya hamu ya zamani: unampenda mtu ambaye hayupo tena, halafu unamlaumu aliyepo kwa kutofanana naye. Ila kuna jambo moja la haki: Flora yule wa kuchekwa ana moyo mzuri kuliko wengi humo kitabuni. Hata Dickens alishindwa kulificha.

MALKIA WA MIAKA 2000 KWENYE PWANI YETU

Wengi tumeisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson iliyotoka 1929. Aliyeitunga kwa Kiingereza ni Henry Rider Haggard. Huyu alipelekwa Natal, Afrika Kusini, mwaka 1875 akiwa na miaka 19, akamwacha nyumbani msichana aliyempenda, Lilly Jackson. Baba yake hakumruhusu arudi kwa ajili ya uchumba kabla hajawa mtu wa maana. Akiwa huku Afrika akapata habari kwamba Lilly anaolewa na mwenye fedha wa benki.

Baadaye Haggard aliandika She, iliyotoka kwenye jarida la picha The Graphic kati ya Oktoba 1886 na Januari 1887. Waingereza wawili wanakuja kwa jahazi pwani ya Afrika Mashariki, wanaingia bara, wanamkuta malkia Ayesha aliyeishi zaidi ya miaka 2000 akimsubiri mpenzi wake arudi. Na nani alimuua mpenzi huyo? Ni yeye mwenyewe, kwa wivu. Mwishoni anaingia mara ya pili kwenye moto uliompa uhai mrefu, na miaka yote 2000 inamrudia kwa dakika chache.

Pwani na bara ya humo ni za kufikirika, zimejaa mapango na maiti, na watu wa huku wamechorwa kwa macho ya mkoloni. Hilo tusilifumbie macho. Afrika imegeuzwa kabati la Mwingereza la kuhifadhia majonzi yake. Lakini katika maisha ya kweli Haggard alifanya jambo lisilo na moto wala miujiza: Lilly alipotelekezwa na mumewe, yeye, akiwa na mke na watoto, alimsaidia hadi alipofariki 1909.

BI MATTY, NINAYEMPENDA KULIKO WOTE

Namalizia na hadithi ndogo kuliko zote. Elizabeth Gaskell alitoa Cranford kwenye Household Words, jarida la Dickens lililotangulia lile la kwanza nililolitaja, kati ya Desemba 1851 na Mei 1853. Ni visa vya mji mdogo wa akina mama wa makamo wasio na fedha nyingi.

Bi Matty ujanani aliposwa na mkulima, bwana Holbrook. Walipendana, lakini baba yake alikuwa mchungaji na dada yake mkubwa alijali hadhi, na Holbrook akaonekana si wa daraja lao. Matty akatii. Zaidi ya miaka 30 baadaye anakutana na Holbrook dukani. Mzee anamwalika nyumbani kwake chakula cha mchana, anakuja kumtembelea, kisha anasafiri kwenda Paris. Akirudi anaumwa, na anafariki.

Bi Matty hasemi kitu. Anamwomba mshonaji amtengenezee kofia inayofanana na za mjane mmoja wa mjini, huku akijitahidi isijulikane sababu. Hapo ndipo machozi yalinitoka. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na taratibu za kufiwa kwa kila mtu, mke, mtoto, shangazi. Malkia mwenyewe alivaa nyeusi tangu mumewe Albert afariki Desemba 1861 hadi kifo chake 1901. Ila mwanamke aliyezuiwa kuolewa na aliyempenda hakuwa na haki ya kumlilia hadharani. Kofia ile ndiyo eda yake, ya siri.

Sasa sikia alichofanya. Nyumbani kwake sheria ilikuwa hausigeli haruhusiwi kuwa na mchumba. Martha, msichana wake wa kazi, alikuwa analalamika. Jioni ileile Bi Matty anamwita na kumwambia akipata kijana mwema anayempenda, aje kumtembelea mara moja kwa wiki. Martha hakulaza damu, kijana alikuwepo tayari, anaitwa Jem.

Baadaye benki aliyoweka fedha Bi Matty inafilisika, anabaki karibu mikono mitupu. Nani anamwokoa? Martha. Anaolewa na Jem harakaharaka ili wapange nyumba na bibi awe mpangaji wao, asitupwe. Mlango alioufungua siku ya msiba wake ndio uliomwingizia msaada.

Ndiyo tofauti ya Bi Matty na Bi Havisham, wadau. Wote wawili waliporwa. Mmoja alichukua uchungu wake akamfundishia mtoto ukatili. Mwingine aliutazama uchungu wake akasema yaliyonipata mimi yasimpate huyu binti. Hakumsahau Holbrook hata siku moja, na wala Gaskell hamwambii asahau. Anachotuambia ni kwamba ukishajua nani aliyapoteza mapenzi yako, angalau usiwe wewe wa kuyapoteza ya mwenzako.

Hadithi zote hizi haki miliki zimeshaisha, kwa hiyo kwa Kiingereza zinapatikana bure kwenye intaneti. Anza na Cranford, ni fupi.

Haya, uwanja ni wenu. Lily Dale alikuwa sahihi kumkataa Eames au alijiponza? Na wazazi mliomo humu, mmeshawahi kumkatalia mtoto posa kwa sababu ya kipato cha kijana? Tiririkeni hapo chini, matusi hapana.